Mstari Ulionyamazishwa

Jiwe lililomuua Kimeu lilikuwa kubwa kama debe. Lilichomoka kwenye ukuta wa mwamba, likapita juu ya kompresa, mashine ya upepo ya kutobolea mwamba, likamkuta nyuma ya ukingo wa mawe, pale pale alipozoea kusimama kila akilipua tangu aanze kazi ya baruti. Lilimpiga kifuani. Wenzake waliokimbia kumwinua walirudi nyuma walipoona hakuna mahali pa kumshika.

Mawe mengine, madogo, yalivuka njia ya malori mpaka kwenye kivuli cha mabati ambako wanawake walikuwa wakivunja kokoto kwa nyundo. Wengi walikuwa wamelala kifudifudi kama walivyofunzwa. Kalunde, mama mkwe wa Kimeu, alikuwa na goti bovu, na alichelewa kulala. Jiwe lilimkata shingo. Binti yake Kathini, mke wa Kimeu, alikuwa kando yake. Alibaki ameziba kidonda cha mamake kwa leso muda mrefu baada ya damu kuacha kutoka, bila kujua kwamba upande wa pili wa vumbi lile mumewe pia hayuko tena.

Kwari yenyewe, machimbo ya mawe, iko kwenye kilima nje ya Sultan Hamud, na ilikuwa ya Jonah Mulinge, mzee wa kanisa na mwenye malori. Siku hiyo malori yalikuwa yamepanga foleni kutoka asubuhi yakingoja mawe ya mkandarasi wa barabara.

Simu ilimfikia Nzilani, dadake Kimeu, akiwa chumbani kwake katika mji wa Wote. Aliyepiga alikuwa Mbogo, mtoboaji wa mashimo ya baruti, mtu aliyetoka Kirinyaga zamani akahamia kwari pamoja na kompresa yake.

"Dada, njoo," Mbogo alisema. "Njoo na mtu mzima wa kwenu."

"Kimeu ameumia?"

Nzilani alisikia wanawake wakilia kwa nyuma, akaelewa. Hakutafuta mtu mzima. Wazazi wao walikuwa wamelala chini ya udongo wa Kilungu, na mtu mzima wa kwao alikuwa ni Kimeu.

Kazi ya Nzilani ilikuwa ngumu kuwaeleza majirani. Alisoma hesabu chuo kikuu kwa mshahara wa kakake, na sasa aliandika programu. Alikuwa mmoja wa watu waliotunza maktaba moja ya programu, yaani mkusanyiko wa hesabu zilizoandikwa tayari, inayotumika dunia nzima, maktaba ya hesabu za herufi. Kompyuta ya kawaida inakimbilia namba. Maktaba hii iliiacha x ibaki x, ikaifungua fomula, ikaikunja, ikaigeuza, na namba zikaingizwa mwisho. Sehemu aliyotunza Nzilani ilikuwa kama sanduku la vifaa vidogo, na vifaa hivyo vinaitwa dekoreta.

Dekoreta ni mstari mmoja unaoandikwa juu ya hesabu, ukianza na alama ya @. Hesabu yenyewe haiguswi ndani, inavishwa tu. Kuanzia hapo, anayeiita hesabu hiyo lazima apitie kwa dekoreta kwanza. Kuna dekoreta inayokumbuka jibu ili lisihesabiwe mara mbili. Kuna inayorudisha idadi ya desimali ilivyokuwa kabla hesabu haijaichezea. Kuna inayoonya kwamba njia hii ni ya zamani, iacheni. Na kuna ile inayochukua hesabu iliyoandikwa kwa kitu kimoja na kuipitisha kwa vitu vyote vya orodha, kimoja kimoja.

Hii ya mwisho ndiyo aliyoitumia kumsaidia kakake. Zamani Kimeu alikuwa akikisia baruti kwa jicho, mpaka siku moja jiwe likaruka na kuangukia banda la kuku la jirani. Alikwenda Wote akiwa bado na vumbi nyusini, akamwambia, "Wewe una hesabu. Nifanyie kitu kisichokisia." Nzilani akamfanyia. Aliandika fomula za baruti kwa herufi, Kimeu akamfafanulia kila herufi kwa mikono yake, huku ndiko mbele ya mwamba, hiki ndicho kina cha shimo. Juu ya hesabu ya baruti Nzilani akaandika mstari mmoja: @kila_shimo.

Mstari huo ulipita shimo kwa shimo ukiuliza kama kuna mwamba wa kutosha mbele yake. Shimo moja tu likikosa, hesabu haikutoa jibu lolote. Ilitoa maneno mekundu: Usilipue.

Bodaboda ilimshusha kwenye lango la kwari jua likiwa bado juu. Polisi walikuwa hawajafika. Kimeu alikuwa amefunikwa kwa turubai ya lori, na buti zake zilionekana. Nzilani alipiga magoti akashika buti moja. Kamba yake ilikuwa imefungwa vizuri, mafundo mawili, na hilo ndilo lililomvunja. Alilia akiwa ameishika ile buti kwa mikono miwili.

Jonah Mulinge alikuja kusimama juu yake. Alikuwa amevaa shati jeupe, na simu ilikuwa bado mkononi.

"Pole sana," alisema. "Lakini lazima niseme ukweli mbele ya Mungu. Ile computer yako imetumaliza."

Nzilani aliinua uso. "Computer ilisema nini?"

"Ilisema sawa. Kimeu alifuata vile ilisema."

Nzilani aliinuka. Alitembea mpaka kwa ofisi ya mabati, ambako laptop ya kwari ilikuwa mezani, vumbi jeupe juu ya vitufe vyake. Mbogo alikuwa ameketi ndani kwenye ngoma ya dizeli, masikio yake yakitoka damu kidogo, kofia ngumu katikati ya miguu. Aliinua kichwa, akarudisha macho chini.

Nzilani aliifungua programu. Fomula zake zilikuwa zilivyokuwa, herufi kwa herufi. Alishuka mpaka kwenye hesabu ya baruti, na hapo akaona. Mbele ya @kila_shimo kulikuwa na alama ya hash, #. Mstari ukiwekewa hash kompyuta inauruka kana kwamba haupo. Mlinzi alikuwa pale, amefungwa mdomo.

"Nani alifanya hivi?" aliuliza.

Mbogo alifuta sikio kwa mgongo wa mkono.

"Ni Jonah?"

"Jonah hajui hata kuiwasha," Mbogo alisema. "Ni yeye mwenyewe."

"Kimeu?"

"Ilikuwa imekataa tangu jana. Kuna shimo moja nilitoboa pale mwamba ulikuwa umeliwa ndani na mlipuko wa zamani. Sikujua, kwa nje inaonekana mzima. Kimeu aliitoa hiyo shimo kwa hesabu, ikakataa ya pembeni. Akasema tuhame, tutoboe upya huko juu. Asubuhi Jonah akakuja. Akamuuliza mbele ya watu wote kama amekuwa mwanamke wa kuogopa kelele. Kimeu akamwambia mashine imekataa. Jonah akampiga kofi."

Nzilani alishika ukingo wa meza.

"Kofi ya uso, mbele ya bibi yake na mama mkwe. Akamwambia, saa sita hiyo mwamba isipokuwa chini, kuna mtu mwingine ana leseni na ana njaa. Kimeu akaingia hapa. Mimi nilikuwa hapo mlangoni. Akabonyeza kitu. Akaniambia, 'Nimemnyamazisha dadangu kidogo tu. Nitamrudisha jioni.'"

"Alisema hivyo?"

"Akicheka, lakini haikuwa kicheko. Akasema ile shimo mbaya ataipunguzia baruti kwa mkono. Na aliipunguza, nilimwona. Haikutosha."

Nje sauti zilikuwa zimeanza kupanda. Jonah alikuwa akizungumza na wafanyakazi kando ya malori, na maneno yake yaliingia ofisini vipande vipande: kompyuta, msichana, Wote, amelipwa na nani. Kisha sauti ya kijana ikauliza, "Yuko wapi?"

Alikuwa Kasyoki, kakake Kathini, mpakiaji wa malori. Alikuwa amembeba mamake Kalunde kutoka chini ya mabati, na shati lake lilikuwa limelowa kutoka kola mpaka kiunoni. Aliingia mlangoni na nyundo ya kuvunjia kokoto mkononi. Nyuma yake wengine walijazana.

"Kasyoki, ngoja," Mbogo alisema akisimama. Mtu alimpiga kwa mpini wa sepetu kwenye tumbo, akakunjika.

Walimshika Nzilani nywele wakamtoa. Laptop ilivutwa pamoja naye kwa waya, ikaanguka, miguu ikapita juu yake. Walimwangusha kwenye changarawe. Teke la kwanza lilimpata mbavuni na pumzi ikamtoka yote. Baada ya hapo hakuhesabu. Alijikunja, akafunika kichwa, akawa anaona viatu tu, na kati ya viatu, mbali kidogo, alimwona Kathini. Kathini alikuwa sasa ameketi miguuni pa Kimeu. Leso ya damu ya mamake ilikuwa begani. Alitazama kinachoendelea kama mtu anayetazama mvua.

Nzilani alikuwa na sentensi moja mdomoni. Ni Kimeu aliyeunyamazisha mstari. Sentensi fupi, ya kweli, na huenda ingewasimamisha. Alifungua mdomo. Aliona Kathini ameweka kiganja juu ya ile buti aliyokuwa ameishika yeye. Akaufunga mdomo.

"Uliandika na mkono gani?" Kasyoki alimuuliza. Alikuwa analia, kamasi na vumbi usoni. "Mkono gani uliandika hiyo kitu?"

Hakungoja jibu. Wawili waliuvuta mkono wa kulia wa Nzilani, wakaubana juu ya jiwe, na Kasyoki akashusha nyundo. Nzilani alisikia mlio kabla ya maumivu. Nyundo ikashuka tena. Safari hii alipiga yowe ambalo hakujua kwamba linaweza kutoka kwake, na mtu mmoja akasema, "Leteni petroli ya jenereta," kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba maji.

Mtungi wa plastiki ulikuwa umeshafika, kifuniko kimefunguliwa, aliposikia sauti ya Mbogo.

"Shimo mbili hazijalia."

Watu waligeuka. Mbogo alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, ameegemea fremu, na kifuani ameshika mashine ya kulipulia, lile kasha dogo jeusi lenye kifungo. Waya wa manjano ulitoka kwenye kasha ukaelekea kwenye mwamba.

"Shimo mbili hazijalia," alirudia bila kupaza sauti. "Mulizihesabu? Mimi nilihesabu. Ziko hapo nyuma yenu na baruti yote ndani. Mnajua mahali mmesimama."

"Mbogo, wacha mchezo," mtu alisema.

"Umwage hiyo petroli uone."

Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajali tena. Waliomjua walikuwa wanajua kwamba hana utani. Mwenye mtungi aliuweka chini. Mmoja akaanza kutembea haraka kuelekea lango, kisha mwingine akakimbia, na baada ya hapo wote walikimbia, wakivuka juu ya Nzilani, wakiteleza kwenye changarawe, Jonah akiwa mbele yao na shati lake jeupe. Kasyoki alibaki wa mwisho. Alimtazama Mbogo, akatazama nyundo, akaiangusha na kuondoka akitembea.

Kathini hakuondoka alipoketi.

Baadaye sana, Nzilani alipomuuliza Mbogo kama ule waya ulikuwa umeunganishwa kweli, Mbogo alifikiri, akajibu, "Sijui. Sikuangalia."

Katika hospitali ya mji wa Wote walimshona, wakamfunga mbavu, wakamwekea vyuma mkononi. Vidole viwili vilikatwa kwa sababu hakukuwa na mfupa wa kuunganisha. Daktari alimweleza kwa upole, naye akamsikiliza kwa upole, kana kwamba mkono ni wa mtu mwingine aliyelala kitanda cha pili.

Kilichomsumbua pale kitandani kilikuwa maneno ya zamani. Mwaka uliotangulia, watunzaji wenzake wa maktaba walibishana mtandaoni juu ya dekoreta za ulinzi. Wengine walitaka dekoreta ionye tu, kisha imwache mtu aendelee akitaka. Wengine walitaka ikatae kabisa. Nzilani aliongoza wa kukataa, na alishinda. Aliandika, mbele ya watu wa nchi nyingi, kwamba anayetaka kuumia atafute njia yake mwenyewe. Watu walicheka na kumpongeza. Sasa alijiuliza kama dekoreta ingemwambia Kimeu zaidi ya usilipue, ingemwonyesha shimo ni lipi, ni hafifu kiasi gani, apunguze baruti mpaka wapi, huenda asingelazimika kuchagua kati ya dadake aliye ndani ya mashine na mtu aliyempiga kofi. Huenda. Dawa za maumivu hazikulifikia hilo.

Kathini alikuja adhuhuri moja, wakati wa chakula. Alikuwa amevaa nguo nyeusi ya kuazima iliyompwaya. Alivuta kiti akaketi, na mkoba wake wa kiondo akaupakata. Nzilani aliona mpini wa kisu cha jikoni umechungulia kati ya nyuzi za kiondo. Kathini naye aliona kwamba ameona, na hakuuficha.

"Niambie kama ni wewe," Kathini alisema.

"Nikikwambia si mimi utaamini?"

"Niambie kwanza."

Wodi ilikuwa na harufu ya kabeji. Nzilani alimweleza polepole: mstari ule ulikuwa unafanya nini, ulikataa nini, na aliyeuwekea hash ni nani. Alipofika hapo Kathini alinyoosha mkono, akaushika ule mkono wenye vyuma, akaukamua. Nzilani alijipinda, meno yakakutana, machozi yakatoka, lakini hakuita nesi.

"Unamsingizia mtu aliyekufa," Kathini alisema.

"Ulimwona akipigwa kofi?"

Kathini hakuachilia.

"Ulimwona, Kathini. Mbogo aliniambia ulikuwa hapo. Baada ya kofi alikwenda wapi?"

Vidole vya Kathini vililegea kimoja kimoja. Alirudisha mkono kwenye kiondo. Mhudumu alipita na sahani, akaiweka, akaondoka.

"Aliingia kwa ofisi," Kathini alisema mwishowe. "Akitoka hakuniangalia. Nilidhani ni aibu ya kofi." Kisha akauliza, "Kwa nini hukusema pale kwari? Wakikuvunja hivyo?"

"Ungesikia?"

"Hapana," Kathini alisema. "Ningekuua mimi mwenyewe."

Alichukua kijiko, akaangalia ile kabeji, akaanza kumlisha Nzilani, kwa ukali, kama anayelisha mtoto mkaidi. Hakumaliza. Alikiacha kijiko kwenye sahani akaenda zake na kisu chake.

Kimeu alizikwa Kilungu, kwenye shamba la wazazi, juu ya mteremko wa maparachichi. Kalunde alikuwa amezikwa kwao siku iliyotangulia. Watu walikuwa wengi, wa kanisa, wa kwari, wa ukoo, na madereva wa malori. Nzilani alitolewa hospitalini asubuhi hiyo na kuketishwa mstari wa mbele, mkono umening'inia kwenye bandeji. Kasyoki alikuwa upande wa pili wa kaburi pamoja na vijana wa kuchimba. Polisi walikuwa wameandika jina lake mara moja na hawakurudi. Yeye na Nzilani hawakutazamana.

Jonah alikuja na kwaya na shada la maua. Mchungaji alimpa nafasi. Alizungumza vizuri, kwa Kikamba na Kiswahili, akasema Kimeu alikuwa kama mtoto wake, akasema kuna mambo ya kisasa tunayoyaingiza nyumbani bila kuyajua, mashine zisizo na hofu ya Mungu, na akaomba familia isamehe, kwamba hata yeye amemsamehe aliyeileta.

Kathini alisimama. Hakupewa nafasi. Mchungaji alianza kumwashiria aketi, akaacha.

"Mzee Jonah," alisema, "niko na swali moja."

"Sema, mama."

"Siku hiyo asubuhi ulimpiga mume wangu kofi. Ulimpiga na mkono upi?"

Udongo ulisikika ukiporomoka kidogo kaburini. Jonah alifungua mdomo. Labda alitaka kukana. Lakini kabla neno halijatoka, macho yake yalishuka yenyewe mpaka kwenye mkono wake wa kulia, ule ulioshika maikrofoni. Ilikuwa mara moja tu, na kila mtu aliona. Watu wa kwari walianza kunung'unika. Mwanamke mmoja wa kokoto alisema kwa sauti, "Hata mimi niliona. Akamwambia alipue ama aende." Mwingine akasema, "Na akatwambia ni msichana."

Kasyoki alimtazama dadake. Kisha alimtazama Nzilani, mkono wake, bandeji, mahali ambapo vidole vilikuwa. Nzilani aliona jambo likimpita usoni, aibu kwanza, kisha kitu kilichokuja juu ya aibu na kuifunika. Alimwona akishika jembe lililokuwa limechomekwa kwenye lundo la udongo. Alikuwa na muda wa kumwita jina. Moyo wake ulitaka lile jembe lishuke, na aliuacha utake.

Kasyoki aliruka kaburi. Pigo la kwanza lilimpata Jonah juu ya kiwiko, na mkono ukaning'inia kama mkono wa koti. Maikrofoni ilianguka ikapiga kelele kwenye spika. Jonah aliangukia maua. Pigo la pili lilikata mkono ule ule, chini zaidi. Damu iliruka mpaka kwa vitambaa vya kwaya. Watu walikimbia huku na huku, wengine wakianguka kati ya mistari ya viti, na wengine, Nzilani aliwaona, walisimama tu wakitazama, mikono imekunjwa.

"Kasyoki," Nzilani aliita. Sauti ilitoka ndogo. Akasimama, mbavu zikamchoma, akaita tena. "Kasyoki. Basi."

Jembe lilikuwa limeinuliwa juu ya kichwa cha Jonah. Kasyoki aligeuka kuangalia ni nani anayemwita, na katika kugeuka huko Mbogo alimrukia kwa nyuma, wakaviringika wote wawili mpaka kwenye ukingo wa kaburi, jembe likatangulia ndani na kugonga sanduku la Kimeu.

Vijana walimshika. Hakushindana nao. Mchungaji alivua tai yake akaifunga juu ya kiwiko cha Jonah, akaikaza kwa kipande cha mti, na gari la kwaya ndilo lililomkimbiza hospitali. Mazishi yalimalizwa na watu wachache. Kathini alishika koleo akafukia mwenyewe mpaka mwisho, na hakuna aliyethubutu kumpokea.

Jonah aliishi, bila mkono. Alishtakiwa kwa vifo viwili vya kwari, na kesi yake Makueni imekuwa ikisogezwa mbele, mara wakili mgonjwa, mara faili haionekani. Kwari ilizungushiwa seng'enge. Malori sasa yanapanda kilima kingine. Kesi ya Kasyoki haikuchukua muda. Alikubali makosa yote mawili, mkono wa Jonah na mkono wa Nzilani, na alipoulizwa kama ana la kusema alisema hapana. Alifungwa miaka mingi.

Siku ya hukumu hiyo Nzilani na Kathini walitoka kortini pamoja bila kupanga. Waliingia hoteli ndogo karibu na soko la Wote, wakaagiza pilau. Nzilani alikuwa bado anajifunza kutumia mkono wa kushoto, na mchele ulimwangukia mapajani. Kathini alimtazama kwa muda, kisha akainama akampangusia kwa kona ya leso.

"Sijakusamehe," Kathini alisema. "Sijui ni kitu gani hata sijasamehe. Ulimfanyia mashine. Angebaki akikisia angeogopa zaidi."

"Labda."

"Ama angekufa mapema."

"Labda pia."

"Ijumaa naenda kumwona Kasyoki. Utakuja?"

Nzilani aliweka kijiko chini. "Alinivunja mkono, Kathini."

"Najua. Nilikuwa hapo, niliona. Sikusema kitu." Kathini alikuwa anakunja ile leso, anaikunjua. "Utakuja?"

Ijumaa walikwenda. Chumba cha wageni cha gereza kilikuwa na benchi na wavu wa chuma. Kasyoki aliletwa akiwa amenyolewa, amekonda, na kitu cha kwanza alichotazama hakikuwa uso wa dadake. Alitazama mkono wa Nzilani, vidole vitatu juu ya paja, kovu bado jekundu. Alitazama kwa muda mrefu.

"Inauma?" aliuliza.

"Kukiwa na baridi."

"Bado unaandika?"

"Kwa huu," Nzilani alisema, akainua wa kushoto. "Polepole."

Kasyoki aliitikia kwa kichwa. Kathini aliuliza kuhusu chakula, Kasyoki akasema ni kama kawaida. Askari alisimama mlangoni akizungusha funguo, akawapa muda kidogo zaidi, na wote watatu wakakaa pale wakiutumia.